Msiwapige kalamu makocha kabla ya kulipa mishahara

Katika soka yetu, timu ikipoteza mechi tatu au nne mfululizo, hukumu hujulikana kabla ya kikao kuitwa. Mwenyekiti hutoa taarifa ya mistari michache ya kumshukuru kocha kwa huduma zake, msaidizi wake hupokezwa mikoba kwa muda, na jina la mgeni huanza kuvuma. Mashabiki, kutoka Kondele hadi Nyalenda hapa Kisumu, wameizoea desturi hiyo kiasi kwamba sasa wao ndio huidai kwa kelele kabla ya kipenga cha mwisho. Gazeti hili linaiona kuwa hatari kwa soka ya kanda ya ziwa. Klabu inayomfuta kocha katikati ya msimu huku ikidaiwa mishahara inajiongezea mdai mmoja zaidi, na hakuna alama inayopata kwa hasara hiyo.

Ushahidi wa karibu ni wa Gor Mahia. Makao ya klabu hiyo yako Nairobi, lakini tangu ilipoundwa mwaka 1968 mizizi yake imekuwa huku, na ikishindwa Jumapili, Kisumu huamka Jumatatu imenuna. Iliingia msimu wa 2024/25 ikiwa bingwa mtetezi mwenye mataji 21 ya ligi, ila bila Jonathan McKinstry, aliyekuwa ameshinda mataji mawili mfululizo na kuondoka. Mbrazili Leonardo Neiva alikabidhiwa kikosi na hakuumaliza msimu. Zedekiah Otieno, ambaye klabu humkumbuka kila inapokwama, akashika nafasi kwa muda. Mwanzoni mwa 2025 akaja Mkroeshia Sinisa Mihic. Msimu ulipokwisha, taji lilikuwa limekwenda kwa Kenya Police kwa mara ya kwanza katika historia yao na Gor ilikuwa ya pili. Msimu uliofuata ukaanza na mgeni mwingine tena, Mghana Charles Akonnor.

Kwa hiyo, katika muda wa takriban mwaka mmoja, kikosi kimoja kilipitia mikononi mwa watu wanne. Beki akifundishwa na wa kwanza kupanda na mpira, wa pili akimkataza kuvuka mstari wa kati, na wa tatu akimhamishia upande mwingine wa uwanja, nani atamlaumu akisita mshambuliaji anapomjia? Timu iliyomaliza ya pili haikuwa timu mbovu. Ilikuwa timu ambayo haikupewa muda wa kujifunza jambo lolote hadi mwisho.

Wapo watakaotujibu kwamba Police wenyewe walibadilisha kocha msimu ukiendelea, na Mrundi Etienne Ndayiragije aliyepokea timu njiani ndiye aliyewapa ubingwa. Ni kweli. Wataongeza kwamba Gor yenyewe ilipata taji la 2013, la kwanza tangu 1995, baada ya Mskoti Bobby Williamson kuchukua nafasi ya Zdravko Logarušić katikati ya mwaka huo. Hilo nalo ni kweli. Na mwaka 2017 Mbrazili José Marcelo Ferreira aliondoka msimu ukiwa haujafika mwisho, Dylan Kerr akaja na taji likapatikana. Hatutaficha ushahidi huo, kwa sababu ukichunguzwa vizuri ndio unaoeleza tatizo letu.

Police ni klabu inayosimama juu ya taasisi ya serikali. Haiendi sokoni kuchanga nauli ya basi. Gor ya 2013 ilikuwa na jina la Tuzo kifuani, maziwa ya kampuni ya Brookside. Gor ya 2017 ilikuwa na SportPesa. Mnamo Agosti 2019 SportPesa ilijiondoa katika udhamini kufuatia mvutano wake na serikali kuhusu ushuru na leseni, na tangu hapo mlango wa makocha wa Gor haukufungika: Steven Polack, Roberto Oliveira, Sammy Omollo, Carlos Vaz Pinto, Mark Harrison, Andreas Spier, wote kabla ya McKinstry kuwasili mwaka 2022. Kocha mpya aliyefaulu katikati ya msimu alikuta msingi wa fedha umewekwa kabla yake. Aliyekuta pengo alifuata njia ya mtangulizi wake, hata kama naye alikuwa mjuzi wa kazi.

Tena upo ushahidi wa upande wa pili ambao wapenda mabadiliko hawautaji. Mwaka 2015 Frank Nuttall aliongoza Gor kumaliza ligi bila kupoteza mechi hata moja, jambo ambalo klabu ilikuwa imelifanya mara ya mwisho mwaka 1976. Miezi michache baadaye, msimu wa 2016 ukiwa ndio kwanza umeanza, alikuwa ameondoka kwa sababu ya kutoelewana na uongozi. Ubingwa wa mwaka huo ulitwaliwa na Tusker.

Wasomi wa Ulaya wamelipima suala hili kwa hesabu. Mwanauchumi Mholanzi Bas ter Weel alichunguza ligi ya nchi yake kuanzia 1986 hadi 2004 na kulinganisha klabu zilizomfukuza kocha baada ya matokeo kuporomoka na zile zilizoporomoka vivyo hivyo lakini zikambakiza. Zote zilipanda tena, kwa kiwango kinachokaribiana. Timu iliyoanguka chini ya uwezo wake hurudi katika uwezo wake. Kocha mpya hupewa sifa ya kupona ambako kungetokea hata bila yeye. Na huko ni Uholanzi, ambako mchezaji hana shaka na mshahara wake wa mwisho wa mwezi. Hapa kwetu hata faraja hiyo ndogo haipo, maana timu isiyolipwa haina uwezo wa kuurudia.

Tutazame nyumbani. Sony Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Msimu wa 2019/20 ilitupwa nje ya Ligi Kuu kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu, wapinzani wakachukua alama za bwerere. Chemelil Sugar, iliyowahi kuwa fahari ya ukanda wa miwa, iliburura mkia msimu huo huo na kushuka. Muhoroni Youth ilishuka mwaka 2017. Western Stima, iliyohamia Kisumu na kuufanya uwanja wa Moi kuwa nyumbani kwake, ilishuka mwaka huo wa 2017, ikarudi, kisha Kenya Power ikaondoa udhamini wake mwaka 2020. Msimu uliofuata ikashuka tena. Kisumu All Stars, timu ya kaunti iliyopanda mwaka 2019 kwa vifijo vya mji mzima, ilikaa Ligi Kuu msimu mmoja tu, ikapoteza mechi za mchujo dhidi ya Vihiga United na kurudi ilikotoka.

Ni klabu tano katika muda usiozidi miaka mitano. Hakuna hata moja iliyouawa na mfumo wa uchezaji. Viwanda vya sukari vilikuwa vinakufa na klabu zao zikafa navyo. Shirika la umeme lilibana matumizi na timu ikawa ya kwanza kukatwa. Kaunti ilipanda na timu bila hazina ya kuibakiza huko juu. Katika kila klabu wapo wachezaji walioingia uwanjani wakiwa wanadai miezi ya mishahara, na wapo walioacha kuja kabisa. Mkufunzi angefanya nini mbele ya wachezaji kumi na wawili walioripoti mazoezini, nusu yao wakiwa wameazima nauli? Hata hivyo ni yeye anayetakiwa kujieleza kwa waandishi wa habari, na ni yeye anayebeba virago.

Gharama ya mtindo huu inajulikana kwa yeyote anayetaka kuijua. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfuta, na mahakama inaweza kumpa aliyefutwa isivyo haki fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kocha wa kigeni ana mlango mwingine, FIFA, na kanuni zake zinamruhusu kuuvunja mkataba na kudai fidia akikosa mishahara ya miezi miwili na klabu ikapuuza notisi yake ya siku 15. Deni hilo huongezeka kwa riba, ambayo FIFA kwa kawaida huikadiria kuwa asilimia 5 kwa mwaka. Lisipolipwa, klabu hufungiwa kusajili wachezaji hadi kwa vipindi vitatu mfululizo. AFC Leopards wanayafahamu haya: André Casa Mbungo aliondoka mwishoni mwa 2019 akilalamikia mishahara, akapeleka madai yake FIFA, na klabu ikajikuta imefungiwa. Gor nayo imewahi kufungiwa kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha wa zamani. Kamati iliyomfukuza mtu kwa hasira ya Jumapili moja inaweza kuwa imeshaondoka madarakani siku barua ya FIFA inapofika. Wanaoipokea ni vijana ambao hawakuwapo, wanaoingia uwanjani na kikosi kisichoweza kuongezwa hata kipa.

Haraka ya kujaza nafasi nayo ina bei yake. Mwishoni mwa 2020 Gor ilimleta Roberto Oliveira katikati ya maandalizi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na ikabainika kwamba cheti chake hakikidhi masharti ya Shirikisho la Soka la Afrika (CAF). Hakuweza kukaa kwenye benchi. Mwezi wa Desemba klabu ileile iliyotwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987, kwa sare ya 2–2 dhidi ya Espérance kule Tunis na 1–1 Nairobi, ilifungwa 6–0 na CR Belouizdad jijini Algiers. Hatusemi kwamba cheti ndicho kilichofunga mabao sita. Tunasema uongozi usiokuwa na muda wa kusoma cheti cha mtu unayemwajiri hauwezi kuwa ulikuwa na muda wa kupima makosa ya mtangulizi wake.

Sasa hatari iliyo mbele yetu. Ligi Kuu ina klabu 18 na mechi 34, na tangu Western Stima ishuke mwaka 2021 jiji la Kisumu halina klabu yake huko juu. Lina uwanja. Lile la Mamboleo, lililopewa jina la Jomo Kenyatta, lilipokea sherehe za Madaraka za 2021. Homa Bay ikapata uwanja wa Raila Odinga na kuandaa sherehe hizo hizo mwaka 2025. Fedha za umma zimejenga majukwaa, na vijana wetu bado wanapanda basi la usiku kwenda Nairobi kutafuta timu ya kuchezea. Shule ya Kisumu Day imetoa wanasoka kizazi baada ya kizazi. Kijana anayemaliza pale leo hana ngazi ya kupanda bila kuhama nyumbani, na asiye na jamaa wa kumpokea Nairobi huishia kuviweka viatu chini akiwa na miaka 19. Mama anayeuza samaki nje ya lango la uwanja, mwenye bodaboda, mshona jezi wa Kibuye, wote hupoteza siku ya kazi kila klabu moja inapofutika.

Kuchelewa ndiko kunakotutia hofu kuliko yote. Mkulima wa Chemelil anajua kwamba miwa iliyokomaa ikiachwa shambani bila kukatwa hupungua sukari kila wiki ingawa kwa macho inaonekana ileile. Ndivyo lilivyo deni la mishahara ndani ya klabu: jezi ni zilezile, jina ni lilelile, mechi inachezwa Jumamosi, na ndani kikosi kinakwisha. Mwezi wa kwanza wachezaji hulalamika. Wa pili, walio bora huanza kuzungumza na klabu nyingine. Wa tatu, wanaotaka kununua matokeo huwapata vijana wenye njaa, na tusisahau kwamba mwaka 2021 Zoo ya Kericho iliondolewa ligini kwa upangaji wa mechi. Uongozi unaoutumia mwezi wa kwanza kumtimua kocha, wa pili kumtafuta mwingine na wa tatu kumtambulisha kwa picha, umeipoteza miezi mitatu ambayo ungeitumia kutafuta mishahara.

Uamuzi wetu ni huu. Kocha aachwe amalize msimu alioanza, isipokuwa amevunja sheria, ameshiriki upangaji wa mechi au amewadhulumu wachezaji wake. Matokeo mabaya peke yake yasiwe sababu, na hata kidogo yasiwe sababu kwa klabu ambayo yeye na vijana wake wanaidai. Klabu iliyolipa kila mtu hadi shilingi ya mwisho na bado inazama ina haki ya kufikiria kubadilisha uongozi wa benchi. Ifanye hivyo wakati dirisha la usajili liko wazi, fedha za kumlipa anayeondoka zikiwa tayari benki, na anayekuja akiwa na vyeti vilivyokwisha kukaguliwa. Nyingine zote hazina haki hiyo.

Shirikisho la Soka la Kenya, chini ya uongozi uliochaguliwa Desemba 2024 ukiongozwa na Hussein Mohammed, lina chombo mkononi, nacho ni leseni ya klabu. Lisimwandikishe kocha mpya katikati ya msimu mpaka klabu ilete hati iliyotiwa saini na yule aliyeondoka kwamba wamemalizana au wamekubaliana tarehe za malipo. Hatua hiyo haihitaji bunge wala bajeti. Inahitaji mtu wa kukataa fomu mezani, na wa kuendelea kukataa hata simu za wakubwa zikianza kulia.

Kwa Serikali ya Kaunti ya Kisumu tunasema kwamba timu haiwezi kuishi kwa ahadi za kipindi cha kupanda daraja. Itengewe fungu linalojulikana, lililopitishwa na bunge la kaunti, au isiahidiwe kitu. Na wapo wengine ambao hakuna anayewauliza. Mei 2025 viwanda vya Chemelil, Muhoroni na Sony vilikodishwa kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Mengi yamesemwa kuhusu malimbikizo ya wakulima na wafanyakazi, na ndivyo ipasavyo, maana hao wana haki ya kwanza. Lakini viwanja vya mpira vilivyojengwa kando ya mashine hizo, na timu zilizobeba majina ya viwanda hivyo nchi nzima, navyo ni sehemu ya kile kilichokabidhiwa. Wawekezaji waseme mapema kama wana nia ya kuzifufua timu hizo au la. Wakisema hawana, wananchi wa Awendo na Muhoroni waanze kujipanga kwa njia nyingine. Miaka 30 ni mingi mno ya kusubiri jibu.

Mashabiki nao wana wajibu, na tunawaambia kwa heshima waliyoipata kwa kuifuata timu kwenye mvua na jua. Kelele zao zina nguvu. Zimewahi kuwaondoa makocha kabla ya muda wa mapumziko. Nguvu hiyo ielekezwe mahali ambapo msimu unaamuliwa. Timu inapofungwa mechi ya tatu mfululizo, wanachama wadai kikao, na swali la kwanza kikaoni lisihusu mkufunzi. Waulize wachezaji wamelipwa hadi mwezi gani, kocha anadai kiasi gani, na mapato ya langoni ya mechi tano zilizopita yako wapi. Mwenyekiti ajibu kwa tarakimu na karatasi za benki, na wanachama wasiondoke ukumbini mpaka wazione.